Wimbo Unaujua, Maneno Je?

Mwezi huu hatugombani kuhusu nani kashika simu ya nani, wala nani alipe kodi ya nyumba. Mwezi huu tunaimba. Usinicheke, sauti yangu iliishia kwenye kwaya ya shule ya msingi na hata huko niliwekwa mstari wa nyuma.

Hebu fanya hivi jioni ya leo mkiwa kwenye kochi. Mwambie mwenzio akuimbie wimbo wa utambulisho wa tamthilia yoyote aliyokuwa anaifuatilia zamani, ule unaopigwa mwanzoni majina ya waigizaji yakipita. Ataimba, tena kwa madaha, macho kayafumba: la la laa, mm mm mmm. Sasa mwambie akuimbie maneno. Hapo utaona mtu anageuka kutafuta rimoti.

Nina shosti yangu mmoja, mhasibu, mtoto wa mjini kabisa. Miaka ile ya 2000, tamthilia za Kilatini zilipotushika hadi vyungu vikawa vinaungua jikoni, yeye aliuweka wimbo wa Secreto de Amor kuwa mlio wa simu kila anapopigiwa na mumewe. Wimbo wenyewe ni wa Joan Sebastian, mwanamuziki wa Mexico, mtamu kama asali ya Tabora. Siku moja akaingia ofisini mgeni anayekijua Kihispania, simu ikaita, mgeni akatabasamu kwa adabu na kuuliza ni nani huyo anayepiga. "Mume wangu," shosti akajibu kwa kujiamini. Mgeni akasema hongera sana, maana jina la wimbo huo ni Siri ya Mapenzi, na huku kwao mume wa ndoa huwa si siri. Yaani mwanamke alikuwa anamtangaza mumewe kama mchepuko, na ofisi nzima ilikuwa inatikisa kichwa kwa raha.

Tusimcheke peke yake. Sisi ni watu wa kucheza Kilingala usiku kucha bila kujua tunaambiwa nini. Na wale waliolia na Los ricos también lloran, ile ya mwaka 1979 ambayo wengi waliijua kwa jina la The Rich Also Cry, wangapi walijua kwamba wimbo wake unaimbwa na Verónica Castro mwenyewe, huyo huyo waliyekuwa wanamlilia kwenye kioo, na kwamba jina lake maana yake ni "Nilijifunza kulia"? Lakini hapo angalau maneno yalikuwepo, ni sisi tu lugha ilitupita. Kuna nyimbo nyingine ambazo maneno yake yalifichwa hata kwa wenye lugha yao.

Chukua I Love Lucy, komedi ya Marekani iliyoanza mwaka 1951. Wiki hadi wiki watu walisikia muziki mtupu. Kumbe maneno yapo, yaliandikwa na Harold Adamson. Yaliimbwa Mei 1953, kwenye kipande ambacho Lucy anadhani watu wote wamesahau siku yake ya kuzaliwa, halafu mumewe anamwimbia mbele za watu. Sasa sikia utamu wake: aliyeimba, Desi Arnaz, alikuwa mume wa Lucille Ball kweli, nje ya kamera pia. Walioana mwaka 1940. Mwaka 1960 wakaachana. Mimi kipande hicho nimeshindwa kukitazama kama komedi.

Halafu kuna ishu ya pesa, na hapa nyie wenzangu mnaosaini mikataba ofisini mkae vizuri. Muziki wa Star Trek, tamthilia ya vyombo vya angani iliyoanza mwaka 1966, uliandikwa na Alexander Courage. Kwenye mkataba wake kulikuwa na kipengele kinachomruhusu mwenye tamthilia, Gene Roddenberry, kuutungia maneno. Roddenberry akatunga. Kwenye tamthilia hayakuimbwa hata mara moja, na wala hayakuwa na mpango wa kuimbwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: mwenye maneno anagawana mrabaha nusu kwa nusu na mwenye muziki. Courage alilalamika, lakini saini yake ilikuwa pale pale. Na kinyume chake ni M*A*S*H. Robert Altman alipotengeneza filamu hiyo ya mwaka 1970 alimpa mwanawe wa miaka 14 aandike maneno ya wimbo. Kwenye tamthilia ya TV iliyofuata, wimbo ukawa unapigwa bila maneno hayo, lakini mtoto akawa analipwa kila unapopigwa. Baba alisema mwenyewe kwamba kwa kuongoza filamu alipata dola 70,000, na mwanawe kwa wimbo akapata zaidi ya milioni 1. Huyo mtoto mimi ningemwamkia shikamoo.

Haya, turudi nyumbani.

Sisi huku TV ilituchelewa. Zanzibar walitutangulia, wao walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 ITV ilipoingia, na televisheni ya taifa, TVT, ikaja mwaka 2000. Na hiyo ni kwa wa Dar. Ukienda bonde la Kilombero, pale Mbingu kati ya Ifakara na Mlimba, milima ya Udzungwa huku na mbuga ya mto kule, reli ya TAZARA ikipita katikati, TV ilimaanisha banda la video na jenereta linalonguruma. Na kwenye banda, wimbo wa ufunguzi ndiyo kwanza husikii, maana mtafsiri anauongelea juu: huyu ndiye stelingi, yule pale anakufa mapema msimzoee.

Kwa hiyo kwa kizazi cha wazazi wetu, wimbo wa utambulisho ambao nchi nzima iliujua haukutoka kwenye kioo. Ulitoka kwenye redio, na haukuwa hata na wimbo. Ni zile ngoma za taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mpigaji ni Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona, aliyekuwa anazungukwa na ngoma zaidi ya 10 na kuzipiga zote peke yake. Ikifika saa mbili usiku zikianza, watoto mnanyamazishwa, mgeni anakatizwa maneno, baba anasogeza kiti. Kwa miaka mingi ngoma hizo zilitangulia habari, hata RTD ilipokuja kuwa TBC Taifa.

Ngoma tupu, hakuna mtunzi wa maneno, hakuna mkataba wala wa kugawana naye. Lakini nani kakuambia hazikuwa na maneno? Waulize watu. Mwenzangu mmoja ofisini, kwao Songea, anaapa kwamba zilikuwa zinasema "toto lala, toto lala, baba yuko kikaoni." Mumewe ni wa Bukoba, naye anashikilia kwamba zilisema "kapu tupu, kapu tupu," na hilo halina mjadala. Wana ndoa ya miaka 9 na hili bado halijapatiwa ufumbuzi. Kila nyumba ilikuwa na yake, na aliyekulia humo anadhani ndiyo ya taifa.

Maneno ninayotaka kukusimulia mimi niliyasikia Ifakara, ukumbini, kwenye sendoff.

Bibi harusi ni binti wa Mbingu, anafanya kazi benki Dar es Salaam. Bwana harusi yuko mgodini Geita, wale wa kuingia kazini wiki kadhaa na kutoka wiki kadhaa. MC akawauliza wazazi wa binti wataingia na wimbo gani. Unajua tena wazazi siku hizi nao wanaingia kwa mbwembwe, na kamati ilishawaandalia wimbo wa injili. Mzee akasema yeye anataka ngoma za taarifa ya habari. DJ akacheka akidhani ni utani. Mama akasema, "Mwanangu, tafuta." Zikatafutwa kwenye simu, zikapatikana, zikapigwa. Watu wa umri wao ukumbini, nakwambia, walikaa wima ghafla kama wanasubiri saa itajwe.

Na wale wazee wawili wakaanza kuimba. Mama anauliza, baba anajibu, kila neno linakaa juu ya ngoma kama limeshonewa:

"Upo huko?" "Nipo, nipo."

"Mpunga je?" "Upo, upo."

"Na viboko?" "Wapo, wapo."

"Utarudi?" "Nipo, nipo."

Binti alikuwa hajawahi kuusikia. Miaka thelathini kasoro kidogo ya kuishi nao, hajawahi! Nikamfuata mama kwenye meza ya chakula, nikamvuta kiti pembeni, wali wa Ifakara na perege mkononi, nikamwambia, mama, hili huondoki bila kunieleza.

Kwa wasiolijua bonde: mkulima wa mpunga wa kule ana nyumba mbili. Moja ni ya kijijini, karibu na shule, zahanati na stesheni. Ya pili ni kibanda cha shamba, chini bondeni. Mvua zikianza anahamia huko kulima na kupanda, kisha anabaki kulinda. Mchana ndege, usiku nguruwe na viboko, na kiboko mmoja akiingia shambani kwako usiku mmoja, ada ya shule ndiyo imeliwa hiyo. Anakaa kwenye dungu, anapiga debe, anapiga kelele. Watoto wakiwa wadogo mama anabaki nao kijijini, na mume na mke wanaweza kukaa wiki nyingi hawajaonana, maji yakiwa yamejaa katikati.

Simu hamna. Barua ampe nani? Lakini walikuwa na redio mbili. Moja walinunua, nyingine walipewa kwenye harusi. Msimu wao wa kwanza kuachana hivyo, mume akatoa wazo. Saa mbili kamili usiku, popote walipo, wote wawili watasikia ngoma zile zile, kwa dakika ile ile. Basi mke aulize kwenye mapigo ya kwanza, aache nafasi. Mume aache nafasi, kisha ajibu. Hakuna atakayemsikia mwenzake. Kila mmoja ataimba nusu.

"Na jibu la mwisho?" nikamuuliza. "Unamuuliza atarudi, anakwambia nipo?"

"Ngoma ilikuwa inaisha," akasema. "Neno refu lilikuwa halikai. Halafu yule baba hata bila ngoma hana maneno mengi."

Msimu hadi msimu. Betri za National zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, na nyumbani redio ilizimwa kutwa ili betri zibaki kwa ajili ya saa mbili. Ukitaka kusikiliza muziki nenda kwa jirani.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwaka 1997 kuingia 1998. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule anazikumbuka. Bonde lote likawa ziwa. Mitumbwi ikaacha kuvuka kwa sababu hakuna aliyejua mto uko wapi na shamba liko wapi. Wiki ya kwanza hakuna habari kutoka bondeni, wiki ya pili hakuna. Mama akawa anaimba upande wake kila saa mbili, huku ana mtoto wa mgongoni, ambaye ndiye bibi harusi wetu. Habari ikiisha, Mazungumzo Baada ya Habari yakiisha, hazimi. Anasubiri matangazo ya vifo. Kutwa nzima kubania betri, halafu usiku zinaishia huko. "Nilikuwa nasikiliza majina," akasema, "kama mwalimu anayeita mahudhurio, ila naomba asiitike mtu wangu."

Mume alitokea wiki ya tatu ikiisha, kwa miguu, akifuata tuta la reli, kakonda, miguu imechubuka. Kalalamikiwa, kalishwa, kaogeshwa, watoto wamemrukia. Usiku mke akamuuliza swali alilokuwa nalo siku zote hizo. "Ulikuwa unanijibu?"

"Kila siku," akasema.

Ikabidi aeleze. Redio ilizama na mtumbwi siku ya pili tu ya mafuriko. Hakuwa na saa. Akajiwekea utaratibu: akishakula, anaimba majibu yake yote manne, kisha analala.

"Unakula saa ngapi?"

"Jua likizama."

Mama akaweka kijiko chini alipofika hapo, baada ya miaka yote hiyo bado hasira ipo. "Yaani wiki tatu namuuliza mtu anayekoroma! Mimi nauliza saa mbili, yeye kanijibu saa kumi na mbili na nusu!" Siku mbili hakumsemesha. Mume kaokoka na mafuriko, kafika nyumbani, kanuniwa.

Ningeishia hapa ungecheka ukafunga ukurasa. Lakini kuna kipande cha pili.

Binti yao, miezi michache kabla ya ile sendoff, alikuwa karibu kuivunja ile harusi. Alinieleza mwenyewe na ameridhia nikiandike bila jina. Mchumba akiingia zamu mgodini simu haipatikani. Anatuma ujumbe asubuhi, unajibiwa usiku wa manane, neno moja: "Poa." Anaona mistari miwili ya bluu, na jibu hamna. Marafiki zake, na ukweli usemwe, baadhi yetu wa kurasa hizi pia, tulishamjaza kwamba mwanaume anayekupenda hakosi dakika mbili. Alishaandika ujumbe wa kumwacha. Ulikuwa kwenye simu, haujatumwa, na kadi za michango zimeshasambazwa.

Hakuutuma, ila hakuufuta pia. Usiku ule baada ya sendoff, wageni wameondoka, gauni limevuliwa, alimwendea mama yake chumbani akamuuliza zile wiki tatu alikuwa anajisikiaje. Alitegemea kuambiwa habari za uvumilivu. Si unajua wazazi wetu kwenye kitchen party, kila ndoa ya zamani ilikuwa uvumilivu mtupu.

Mama akamwambia kwamba kuna siku mbili hakuimba. Wiki ya pili, mvua inanyesha, mtoto ana homa, akaona anajifanya kichaa kuongea na ngoma. Saa mbili ilipofika akaizima redio kabisa akakaa gizani. Kesho yake tena hivyo hivyo. Hakuwaza mafuriko, aliwaza labda huko bondeni mtu kapata mwingine wa kumpikia, maana hilo nalo lilikuwepo kwenye vibanda vya mashamba, na wanawake wa kijijini walilijua. Siku ya tatu akaiwasha.

"Kwa nini uliwasha?" binti akauliza.

"Nilitaka kujua kama amekufa."

Hivyo tu. Hakuongeza kitu. Na hizo siku mbili mzee hajawahi kuambiwa hadi leo. Miaka yote anataniwa kwamba alikuwa anakoroma mke akiuliza, na mke hajasema kwamba naye kuna siku alinyamaza. Nilimuuliza mama kama niache hilo lisichapwe. Akasema mzee hasomi magazeti ya warembo, na akisoma, basi, imetoka.

Binti anasema ule ujumbe ameufuta. Sikumuuliza zaidi. Ila namjua, na najua pia kwamba kabla ya harusi walikaa chini na bwana wake wakapanga mambo ambayo hawakuwahi kuyapanga: zamu yake ikoje kwa saa, akiwa chini simu iko wapi, na siku akichoka aseme nimechoka badala ya "Poa." Wakaandika kabisa kwenye karatasi, ratiba imebandikwa kwenye friji. Wewe unayesoma hapa na mwenzio yuko Geita, Tunduma au Doha, je, unaijua ratiba yake kweli, au unajua tu kwamba hajibu?

Nami nina ombi. Nyumbani kwenu ngoma zile zilikuwa zinasema nini? Muulize mama, muulize babu kabla hajasahau, muulize mwenzio uone kama mtaelewana. Niandikie, nitayachapa mwezi ujao, na wa Bukoba msianze vurugu.

Kuhusu wale maharusi, habari ya mwisho niliyoipata ni kwamba bwana harusi ameamua kutunga ubeti wake kwenye zile ngoma, wa kumwimbia mkewe kutoka Geita. Ameujaza "mtandao," "chaji" na "nitakupigia nikitoka zamu." Haukai kwenye mapigo hata kidogo. Alimwimbia mama mkwe kwenye simu, na mama mkwe akamwambia aupunguze.